Masika ya Sentensi Mbovu

Jumapili, 12 Januari. Sitalike

Mvua tangu alfajiri. Kanisani sijaenda, jarubani kwenye mpunga sijaenda, nimekaa mlangoni naangalia maji yanavyopita. Naandika kwa sababu nisiposhika kitu mkononi nitagombana na mtu, na nyumbani leo tupo watatu tu, mimi na wakwe zangu wawili. Hao hawagombwi.

Kilichoniondolea utulivu ni hiki. Kambi ya watalii inayojengwa ng'ambo ya mto itafunguliwa mwezi wa sita. Wanataka wasichana wawili wa mapokezi, wenyeji wa hapahapa, waliomaliza kidato cha nne na wanaojua Kiingereza. Usaili mwishoni mwa mwezi wa nne. Kidato cha nne nilimaliza, Mpanda mjini, nikiwa nakaa kwa mama yangu Shanwe. Kiingereza nilipata F.

Nimempigia Enoka, mume wangu. Yuko na ng'ombe bonde la Rukwa tangu Desemba, mtandao unakuja na kupotea. Akasema, "Muombe Baba. Baba akikubali, mimi nani?" Ndiyo Enoka huyo. Ukimuuliza kama mvua itanyesha atakwambia kamuulize Baba.

Naitaka hiyo kazi. Nimeliandika ili nilione. Naitaka.

Jumanne, 14 Januari

Nimeomba. Baba mkwe alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nikapiga magoti nikasema yote bila kupumua. Akachonga weee, mpaka nikadhani hajasikia.

"Hicho Kiingereza kinafundishwa wapi?"

"Nyuma ya mashine ya kusaga, Baba. Kwa Mwalimu Telesphor. Saa kumi jioni, Jumanne na Alhamisi."

"Na mpunga?"

"Nitapalilia asubuhi."

Akaendelea kuchonga. Mama mkwe akanikonyeza niondoke, eti hiyo ndiyo ruhusa. Haya. Kwetu mtu akikubali anafungua mdomo.

Alhamisi, 16 Januari

Darasa lenyewe ni kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao za mabanzi na ubao uliopakwa masizi ya betri. Mwalimu Telesphor ana digrii ya ualimu na hana ajira, kwa hiyo ana hasira muda wote. Anaandika sentensi mbovu ubaoni na kuiita mgonjwa. Unasimama, unaisoma ilivyo, unasema inaumwa wapi, halafu unaisoma ikiwa imepona, kwa sauti, mpaka akina mama wanaosubiri unga wakusikie juu ya mngurumo wa mashine.

"Kambini hawatawasoma nyie, watawasikia!" anapiga kelele. "Sauti!"

Mgonjwa wa leo alikuwa "The goat eat the maize." Mbuzi ni mmoja, kwa hiyo "eats". Sawa. Lakini mbuzi wakiwa wengi, ile "s" inahama kutoka kwenye kitenzi inakwenda kukaa kwa mbuzi. Aliyepanga hivyo alikuwa amekasirishwa na nani?

Nimekaa na Happiness, muuza chapati wa stendi. Naye anaitaka kambi. Anasema "I is" bila aibu yoyote na anacheka mwenyewe. Namwonea wivu.

Jumanne, 21 Januari

Mvua. Mwalimu hakuja. Nimerudi na matope mpaka magotini.

Alhamisi, 30 Januari

Leo nimebishana. Tulitakiwa tutunge sentensi zetu, nikaandika ubaoni "My father have come." Mwalimu akaizungushia chaki. Father ni mmoja, "has".

Nikamwambia sisi Wafipa wa nyumbani kwetu, kwa Kifipa, hatusemi baba amekuja. Tunasema baba wamekuja, baba wamekula, baba wamelala. Baba hata akiwa mmoja huwezi kumtaja kama unamtaja kuku.

"Kwa Kiingereza amekuja," akasema. "Peke yake. Has."

"Basi Kiingereza hakina adabu."

Darasa likacheka, na yeye karibu acheke. Mgonjwa nikamponya, lakini moyoni niliona nimemvua baba yangu koti hadharani. Njia nzima nilirudia, my father has, my mother has. Marehemu baba anisamehe.

Jumatatu, 3 Februari

Kupalilia. Kupalilia. Kupalilia.

Jumanne, 11 Februari

Nina hasira. Niandike kwa utaratibu.

Mwalimu ana tabia ya kutia majina ya watu wa hapa kwenye wagonjwa wake, ili tusisinzie. Jumanne iliyopita ilikuwa mwenye mashine, Alhamisi mchungaji. Leo akaandika "Masunga have many cows." Masunga ana ng'ombe wengi. Kibanda kizima kikacheka, kwa sababu kila mtu Sitalike anamjua Masunga na anawajua ng'ombe wake.

Masunga ni baba mkwe wangu.

Kwenye boma hili la Wasukuma, mke wa kijana hatamki jina la baba mkwe. Siyo mara chache, ni kamwe. Nilipoolewa, shangazi yake Enoka alinikalisha ndani, akanitajia hilo jina mara moja tu, ili nijue la kutolitamka. Tangu siku hiyo ni Baba. Kuandika hakuna aliyenikataza, kwa hiyo naandika. Mdomo wangu haujawahi kulitoa.

"Theopista," mwalimu akasema. "Simama."

Nikasimama. Ugonjwa niliuona palepale, mtoto wa darasa la tano angeuona.

"Soma."

"...have many cows."

"Anzia mwanzo."

Mashine inanguruma, watu wote shingo zimegeuka.

"Umesahau kusoma?"

Nikasema, "He has many cows."

"He nani? Mgeni atoke Ulaya akuulize hao ng'ombe wa nani, umwambie he? Soma jina!"

Sikusoma. Akaniambia nikasimame nje mpaka jina linirudie. Nikasimama kwenye manyunyu pamoja na magunia ya watu, nasikia Happiness akilisoma vizuri kabisa, mara tatu, kwa sauti.

Ningeweza kumweleza. Yeye ni mtu wa mjini, hayajui haya. Lakini nieleze vipi mbele ya watu wote wanaocheka? Waseme yule Mfipa wa Shanwe amekuwa Msukuma kuliko Wasukuma? Na sehemu nyingine ya hasira ni hii: jina lenyewe ni la mtu ambaye hata "ndiyo" hajanitamkia.

Alhamisi, 13 Februari

Tena. "Masunga and his son is at the river." Tena nje.

Jumamosi, 22 Februari

Kwelea wameshuka kwenye mpunga. Kutwa tunapiga madebe na kupiga kelele. Nimeamua kelele ziwe na faida. "The birds eat! The bird eats! The birds fly!" Mama mkwe yuko upande wa pili wa jaruba naye ananifuatiza, "Ze badi iti!" Nikamwambia, Mama, ndege ni wengi. Akasema, "Hao naowaona mimi ni wengi, lakini anayenikera ni yule mmoja." Tumecheka mpaka ndege wakala.

Siku kama hizi naona ninaweza kuishi hapa. Halafu jioni inafika, nakaa, miguu inataka kwenda mahali na hakuna pa kwenda.

Jumanne, 4 Machi

Enoka kapiga simu. Ng'ombe wazima. Nimemwambia nasoma. Akauliza kama Baba anaonaje. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yameharibika.

Watoto wanaotumwa unga wamekuwa wakitusikiliza kwenye upenyo wa mabati. Leo wakapita mbele ya boma wakiwa kundi zima, wanaimba na kupiga makofi, "Masunga have many cows! Masunga have many cows!" Baba mkwe alikuwa na wageni wawili wa heshima uani. Mmoja wa hao wageni anakijua Kiingereza kidogo, akamtafsiria.

Wiki hii hii watu wa mifugo wanapita vijiji vyote vya kandokando ya hifadhi kuulizia nani ana mifugo mingapi. Na hata wasingepita, ng'ombe wa mtu hawatangazwi barabarani. Ni kama kumfungulia mtu mlango wakati anaoga.

Wageni walipoondoka akaniita. Nikapiga magoti.

"Jina langu limeokotwa wapi na watoto?"

"Darasani, Baba. Ubaoni."

"Darasani unakaa wewe."

"Ndiyo, Baba."

"Kutoka boma hili, darasani unakaa wewe peke yako."

Nilielewa anachoniambia. Anadhani mimi ndiye niliyelipeleka. Kwamba nimekaa kule kwenye benchi namtaja yeye na ng'ombe wake, watu wanacheka. Mimi! Niliyesimama nje kwenye mvua kama fagio kwa ajili ya jina lake!

Nikamwambia tu, "Sijalitaja, Baba," akasema, "Hutakwenda tena." Hiyo aliitamka wazi kabisa. Kumbe kusema anajua.

Nimetwanga mahindi ambayo hayakuhitaji kutwangwa. Mama mkwe ameninyang'anya mchi. Namchukia mwalimu, nawachukia watoto, namchukia Enoka kwa kuwa mbali. Baba mkwe naogopa kuandika.

Jumapili, 16 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nimefikiria kupanda gari nirudi Shanwe kwa mama. Nimefungasha nguo, nimefungua, nimezikunja upya.

Ijumaa, 21 Machi

Happiness amekuja na beseni lake la chapati kichwani. Nilidhani amekuja kuniona mimi, kumbe amenipita akaenda moja kwa moja kwa baba mkwe, akapiga goti moja tu, la pili likabaki hewani kwa sababu ya beseni.

"Shikamoo, Mzee Masunga. Mimi siyo mkwe wako, mimi nakutaja tu. Nimekuja kusema, huyu Theopista hajawahi kulitamka jina lako. Sisi ndiyo tulilitamka, mimi nililitamka mara tatu. Yeye mwalimu alimtoa nje mara mbili, akalowa, akakataa. Tulicheka. Sasa amepotea darasani na mimi sina wa kumwibia majibu."

Hivyohivyo, bila kupumua.

Baba mkwe akaniangalia. Sidhani kama aliwahi kuniangalia sawasawa kabla ya leo. "Ulitolewa nje?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba."

Mama mkwe alikohoa huko jikoni, mpaka sasa sijui alikuwa anakohoa au anacheka. Baba mkwe akachukua chapati moja kwenye beseni, akaikata, akala nusu taratibu.

"Jumanne nenda," akasema. "Na huyo mwalimu mwambie akitaka ng'ombe wa ubaoni, atumie wa kwao."

Jumanne, 25 Machi

Nimefikisha ujumbe neno kwa neno. Mwalimu Telesphor alisikiliza, akafuta ubao wote kwa mkono. Halafu akaandika, "Telesphor have no job."

"Theopista," akasema. "Mponye."

Nikamponya mara tatu kwa sauti, na sikuficha raha yangu. Ya tatu nilimwonea huruma.

Alhamisi, 10 Aprili

Sasa wagonjwa naona kila mahali. Kwenye fulana za mitumba, kwenye bango la saluni, kwenye kioo cha basi. Jana barabarani nimeiponya nguo ya mtu anayepita.

Pasaka, 20 Aprili

Wali na kuku. Mvua imeanza kupungua, mpunga unainamisha vichwa. Baba mkwe amesema usaili atanisindikiza mwenyewe, mke wa mwanawe haendi kwa wageni peke yake. Usingizi umekwisha tangu aseme hivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimerudi. Niandike kabla sijajidanganya.

Tulivuka daraja asubuhi, yeye mbele na fimbo na koti lake la mvua, mimi nyuma. Viboko walikuwa wamejaa pale chini wanakoroma, hakuna aliyewaangalia. Kambini akaambiwa akae kwenye benchi uani, mimi nikaingizwa chumbani. Meneja ni dada mmoja wa Arusha anaitwa Mariana, pembeni yake mzee wa miwani anayeandika tu.

Walinipa karatasi ya sentensi mbovu. Jamani! Nilitaka kucheka. "The guests is waiting." "Every room have a net." Nikawaponya wote, nikasoma kwa sauti, dada Mariana akasema "Very good" mara mbili. Mzee wa miwani akaitikia kwa kichwa. Kazi niliiona ile pale mezani, imebaki kunyoosha mkono.

Halafu mazungumzo. Natoka wapi, ninaishi na nani, nikajibu. Mariana akachungulia dirishani, akatabasamu.

"And who came with you today?"

"My father-in-law."

"Oh, nice. What is his name?"

Namwona pale dirishani. Amekaa na fimbo katikati ya magoti, ameangalia getini. Asingesikia. Angesikia asingeelewa. Neno moja tu.

"He is Baba," nikasema.

"Yes, but his name."

Nikanyamaza. Wakadhani sijaelewa swali. Mariana akalirudia polepole, neno mojamoja, kama unavyoongea na mtoto. Mzee wa miwani akaandika kitu. Nikafungua mdomo na Kiingereza chote, cha masika yote, kikanikimbia. Sikuwa na neno hata moja, si la kwao, si la kwetu. Wakanishukuru.

Darajani, wakati wa kurudi, ndipo sentensi iliponijia. "In our home a wife does not say that name." Nzima kabisa, haina hata mafua. Ningeisema mule ndani wangeelewa. Nilitaka kurudi mbio, nilitaka kujitupa kwa viboko.

Baba mkwe akauliza bila kugeuka, "Walikuuliza nini mwishoni? Niliona umekaa kimya."

"Waliniuliza jina lako, Baba."

"Ukasemaje?"

"Sikusema."

Akatembea kidogo. "Ungelitaja tu."

Ungelitaja tu! Nikasimama katikati ya barabara, na sauti iliyotoka sijui ilitoka wapi. "Baba! Masika yote hii! Nimesimamishwa nje kwa ajili yake, nimefukuzwa darasani kwa ajili yake, leo nimekosa kazi kwa ajili yake, ndiyo unaniambia ningelitaja tu? Ungeniambia asubuhi!"

Mkwe hampigii kelele baba mkwe. Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo ili asikie vizuri. Baba mkwe aliniangalia, akaendelea na safari. Nimetembea nyuma yake nikilia mpaka nyumbani, na wala sikujificha.

Jumatano, 30 Aprili

Happiness amepata. Alimwambia yule mzee wa miwani "You is welcome" na bado amepata. Nafasi ya pili wanaendelea kutafuta, wanafikiria kuchukua msichana kutoka mjini. Amenikumbatia akalia yeye kuliko mimi. Nimefurahi kwa ajili yake, na nimeumia. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, na sikuweza kukaa.

Baba mkwe hatujasemeshana.

Alhamisi, 1 Mei

Jioni, chakula kimeshaliwa, akaniita. Nikapiga magoti nikisubiri hukumu ya zile kelele.

"Ukitaka kumwambia Mzungu jina lako, unasemaje?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Kwa Kiingereza, Baba?"

"Kwa Kiingereza."

"My name is..." nikaishia hapo.

"Halafu?"

"Halafu unalitaja mwenyewe, Baba."

Akajaribu. "Mai nemu izi Masunga." Nikamrekebisha. Akarudia. Mimi nasema mwanzo, yeye anamalizia, mimi mwanzo, yeye anamalizia, na Mama mkwe amekaa pale na sufuria mapajani, hajui acheke au aombe Mungu. Mwishowe akasema imetosha, wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, akaenda kulala. Nilikuwa bado nina kinyongo. Nikadhani amepata mnunuzi wa ng'ombe.

Ijumaa, 2 Mei

Ameondoka asubuhi na koti lake. Mama mkwe akasema ameenda mnadani. Mimi nikaenda jarubani.

Saa nne simu ikaita, namba ngeni.

"Theopista? Ni Mariana, kutoka kambini. Samahani, hapa getini kuna mzee wenu."

Nikakaa kwenye tuta.

"Alimwambia mlinzi, 'My name is Masunga.' Mlinzi akamwambia leo hatupokei wageni. Akamwambia mpishi, 'My name is Masunga.' Akamwambia fundi bomba. Akawaambia Wazungu wawili waliokuja kuangalia mahema, na hao wakamjibu majina yao. Ikabidi nitoke mwenyewe, nikamuuliza, Mzee, una shida gani? Ndipo akaongea Kiswahili. Akasema, 'Mlimuuliza mkwe wangu jina langu. Analijua, ila hawezi kulitamka, kwa heshima yangu. Nimekuja kulijibu mimi. Sasa nyie muulizeni kitu kingine.'"

Kwelea wanakula mpunga mbele ya macho yangu, nawaangalia tu.

"Njoo Jumanne," akasema Mariana. "Na mwambie asirudi tena, mlinzi wangu hana amani."

Jumanne, 6 Mei

Kitu kingine kilikuwa hiki: nimweleze mgeni atakachokiona akivuka daraja kuja kijijini. Nikaeleza. Viboko, mashine, chapati za stendi, mpunga unaosubiri kuvunwa, mama mkwe anayefukuza ndege mmoja. Katikati nikasema "the hippos sleeps", nikasimama, nikamponya mwenyewe bila kuambiwa, nikaendelea. Nikamweleza na kuhusu jina, kwamba akifika bomani kwetu atalisikia kutoka kwa mwenyewe. Mzee wa miwani aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Nimepata. Naanza mwezi wa sita, tarehe moja.

Nilirudi mbio mpaka kandambili ikakatika. Baba mkwe alikuwa uani. Nikapiga magoti, nikamwambia.

Hakusema hongera. Akanyoosha miguu, akaangalia upande wa jaruba.

"Haya. Na mpunga atavuna nani?"

Nikacheka. Kwa sauti, mbele ya baba mkwe, sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Mimi, Baba. Mpunga ni wa mwezi huu, kazi ni ya mwezi ujao."

"Ndiyo," akasema.

Aliitamka. Nimeisikia kwa masikio yangu.